Kipima oksijeni kazini: cha kubeba au cha ukutani, na ndani yake kihisi kipi

Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9. Kwa kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, hewa ikishuka chini ya asilimia 19.5 imepungukiwa oksijeni, na ikipita 23.5 oksijeni imezidi. Tarakimu hizo mbili utazikuta zimewekwa tangu kiwandani kwenye vipima vingi. Sasa tazama pengo lenyewe: kutoka hewa safi hadi king'ora kulia ni pointi 1.4 tu. Kifaa kinachoyumba pointi moja kwa sababu ya joto au unyevu kitalia ovyo mpaka watu wakizime, au kitanyamaza siku ya hatari.

Muuzaji huanza na bei na miaka ambayo kihisi, yaani kile kijisehemu cha ndani kinachoitambua gesi, kitadumu. Wewe anza kwingine: ni gesi gani itakayoifukuza oksijeni, na itatokea wapi? Nitrojeni ya kimiminika maabara, argoni ya kuchomelea ndani ya bomba, heliamu ya mashine ya MRI (ya kupiga picha za ndani ya mwili), kabonidioksaidi ya mitungi ya vinywaji, au kutu inayokula oksijeni ndani ya tangi la chuma lililofungwa kwa miezi. Kila moja inataka kifaa chake, na ukikosea hapa hakuna kihisi cha bei kubwa kitakachokuokoa.

Kifaa ni cha lazima kwa sababu mwili wenyewe haugundui. Ile hali ya kubanwa na pumzi huletwa na kabonidioksaidi inayojaa kwenye damu. Anayevuta nitrojeni anaendelea kuitoa kabonidioksaidi kama kawaida, hivyo hasikii lolote. Oksijeni ikifika asilimia 16 hivi, mapigo ya moyo na pumzi huenda mbio. Kati ya 14 na 10 mtu huanza kuamua mambo vibaya huku mwenyewe akijiona yu sawa. Chini ya 10 huja kichefuchefu na kuzirai, na chini ya 6 ni degedege na kifo ndani ya dakika chache. Pumzi moja au mbili za nitrojeni tupu zinatosha kumwangusha mtu palepale.

## Oksijeni peke yake, au gesi nne?

Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza. Oksijeni ni kama sehemu moja kwa tano ya hewa, kwa hiyo ili ipungue pointi moja tu, gesi ngeni lazima iwe imeingia kwa karibu asilimia 4.8. Na ili king'ora cha 19.5 kilie, gesi ngeni lazima iwe imeshafika asilimia 6.7 ya hewa yote ya chumba.

Kama gesi yenyewe ni nitrojeni, argoni au heliamu, hakuna shida. Hazina sumu, na madhara yake yote ni kuifukuza oksijeni, kwa hiyo kipima oksijeni kinapima hatari yenyewe.

Kabonidioksaidi ni habari nyingine kabisa. Kikomo chake kwa zamu ya saa nane ni asilimia 0.5, na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inahesabu asilimia 4 kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwenye asilimia 4 hiyo, kipima oksijeni kitasoma 20.1 na taa itabaki kijani. Anayeweka kipima oksijeni peke yake kwenye chumba cha mitungi ya kabonidioksaidi, au kwenye pishi la kuchachushia, amenunua kifaa kitakachozungumza baada ya mtu kuanguka. Hapo panahitajika kihisi cha kabonidioksaidi chenyewe, kile cha mwanga wa infraredi. Cha oksijeni kinaweza kukaa kando yake, ila kisichukue nafasi yake.

Methani nayo huanza kulipuka ikifika asilimia 5, na hapo oksijeni bado iko karibu 19.9. Salfidi ya hidrojeni, gesi ya mashimo ya maji taka, ni hatari kwa uhai kwenye sehemu 100 kwa milioni, ambayo ni asilimia 0.01. Kiasi hicho hakisogezi hata tarakimu ya mwisho kwenye skrini ya oksijeni.

Kwa hiyo kwa mashimo, matangi, mifereji na sehemu zote finyu ambazo hujui kilichomo, chaguo ni kifaa cha gesi nne: oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksaidi na salfidi ya hidrojeni. Na oksijeni husomwa kwanza, kwa sababu kihisi cha kawaida cha gesi zinazowaka huichoma gesi hiyo kwenye waya wa moto na huhitaji oksijeni kama asilimia 10 ili kifanye kazi. Ndani ya tangi lililojaa methani lisilo na oksijeni, kihisi hicho kinaweza kusoma karibu na sifuri. Ukisoma gesi kwanza ukaona sifuri, utadhani pako salama.

## Cha kubeba na cha ukutani

Cha kubeba humfuata mtu. Cha ukutani hulinda chumba. Ubishi wa kipi ni bora huisha ukifanya hesabu moja ya chumba chako.

Lita moja ya nitrojeni ya kimiminika hugeuka karibu lita 694 za gesi. Chukua dumu la lita 50 ndani ya chumba cha mita 4 kwa 5, kimo mita 3, yaani mita za ujazo 60. Dumu likimwagika lote, zinatoka mita za ujazo 34.7 za gesi:

20.9 × (60 − 34.7) ÷ 60 = 8.8

Asilimia 8.8 ni ya kuzirai. Mtungi wa gesi iliyoshindiliwa wa lita 50 kwa shinikizo la bar 200 una karibu mita za ujazo 10. Ukivuja wote kwenye chumba hichohicho, oksijeni hubaki 17.4. Hesabu hii haijali feni wala madirisha, na ni vizuri isiyajali, kwa maana feni huzimika na madirisha hufungwa.

Matokeo yakiwa chini ya 19.5, chumba kinataka kifaa cha kufungwa ukutani, hata kama kila mfanyakazi ana chake kifuani. Sababu ni moja: cha kifuani hupima hewa ambayo mtu ameshaingia ndani yake. Cha ukutani humwonya akiwa bado nje ya mlango, mradi skrini au taa yake iwe nje. Kifaa chenye skrini ndani peke yake kinamlazimisha mtu aingie ili asome kama ni salama kuingia. Umbo hilo lipo sokoni na linauzwa sana.

Januari 2021, kwenye kiwanda cha kuku huko Gainesville, jimbo la Georgia, Marekani, nitrojeni ya kimiminika ilifurika kutoka kwenye mashine ya kugandishia na watu 6 wakafa. Wachunguzi wa CSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, walikuta hakukuwa na vifaa vya kupima hewa na kuwaonya wafanyakazi. Wengine waliingia kuangalia kuna nini au kuwaokoa wenzao, na ndivyo ajali hizi zinavyokwenda. NIOSH iliwahi kuandika kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaofia kwenye sehemu finyu ni waokoaji.

Faida ya pili ya cha ukutani ni kwamba kinaweza kutenda. Kwa swichi zake huwasha feni, hufunga vali ya gesi na kupeleka taarifa kwa mlinzi. Agiza swichi zikae zimepewa umeme wakati wa amani, zifyatuke umeme ukikatika au waya ukikatwa. Zikiwekwa kinyume chake, waya uliokatika utaonekana sawasawa na hewa nzuri.

Lakini cha ukutani hakiingii shimoni. Kwa fundi anayezunguka, kwa kusafisha matangi, kwa chumba kinachoingiwa mara moja kwa mwezi, cha kubeba hakina mbadala. Kivaliwe ndani ya sentimita 30 za pua na mdomo, kwenye ukosi au mfuko wa kifua. Kiunoni kinapima hewa ya kiunoni.

## Chenye pampu au kisicho na pampu

Kisicho na pampu husubiri hewa ijiingize yenyewe. Ni chepesi, betri yake hudumu, na kwa mtu aliyekwisha kuingia kinatosha. Kwa kupima kabla ya kuingia hakifai. Kukifunga kwenye kamba na kukishusha shimoni ni desturi iliyoenea, lakini king'ora hakisikiki vizuri kutoka chini, na ukishakipandisha, tarakimu imeshapanda nacho. Kama ndicho pekee ulichonacho, hakikisha kinaweka kumbukumbu ya kipimo cha chini kabisa.

Chenye pampu huvuta hewa kwa mpira, kwa kawaida karibu nusu lita kwa dakika, na udhaifu wake ni haraka ya mtumiaji. Hesabu sekunde 3 kwa kila mita ya mpira, ndipo uanze kuhesabu muda wa kihisi chenyewe kutulia. Mpira wa mita 10 na kihisi cha sekunde 15 maana yake ni sekunde 45 kwa kila kituo kabla ya kuamini unachokisoma, na si vibaya kwenda dakika nzima. Pima juu, katikati na chini. Unaposonga mbele ndani, mwongozo wa OSHA unasema kila mita 1.2 hivi kuelekea uendako na kila upande. Kabla ya kuanza, ziba ncha ya mpira kwa kidole. Pampu isipolalamika, kuna mahali mpira umepasuka au haukukaza, na utakuwa unapima hewa ya pale uliposimama.

## Vihisi vyenyewe

| Aina | Hudumu | Umeme | Kinachokisumbua |
|---|---|---|---|
| Kemikali, chenye risasi (metali ya plumbi) | miaka 1 hadi 3 | karibu hakuna | huliwa hata kikiwa kabatini. Baridi kali |
| Kemikali, kisicho na risasi | hadi miaka 5 hivi | kidogo, lakini usikatike | betri kuisha kabisa |
| Cha mwanga | miaka 5 na zaidi | kidogo | umande, kichujio kuziba, shinikizo la hewa |
| Zirkonia | miaka mingi, hata 10 | mwingi | gesi zinazowaka, mvuke wa silikoni |

Cha risasi ndicho kilichozoeleka. Ndani yake kuna risasi na maji ya kemikali. Oksijeni inayoingia huigeuza risasi kuwa oksaidi, na umeme mdogo unaozalishwa ndio kipimo. Ni betri inayotumia hewa, kwa hiyo risasi ikiisha, nayo imekwisha. Uzuri wake hautajwi sana kwenye vipeperushi: kikifa, kipimo hushuka. Kifaa kinalia, mtu anatoka, halafu ndipo inagundulika kwamba ni kihisi kilichozeeka. Ni usumbufu, lakini kinakosea kwa upande salama. Hata tundu lake dogo likizibwa na matope, oksijeni iliyobaki ndani huliwa na kipimo huteremka.

Cha mwanga kinafanya kinyume, na jambo hili lapaswa kukushughulisha kuliko miaka ya dhamana. Taa ndogo huumulika utando wenye rangi maalumu, nao hung'aa. Oksijeni hupunguza mng'ao huo. Hakuna kinacholiwa, ndiyo maana kinadumu. Lakini kichujio kikiziba, hewa iliyonaswa ndani hubaki ilivyo, na skrini huendelea kuonyesha 20.9 kwa utulivu. Mahali penye vumbi la saruji, rangi ya kupuliza au matope, cha mwanga kinafaa kwa sharti moja: kijaribiwe kwa gesi halisi kila siku ya kazi. Kama huna nidhamu hiyo, nunua cha risasi.

Kisicho na risasi kinahitaji umeme mdogo muda wote, hata kifaa kikiwa kimezimwa. Betri ikiachwa ife kabisa, ukikichaji kinaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kutulia. Kwa kampuni inayovirudisha vifaa kwenye chaja kila jioni ni chaguo zuri. Kwa kifaa kinacholala kwenye buti la gari wiki tatu, si chaguo.

Zirkonia ni kauri inayopashwa hadi karibu nyuzi 700 za Selsiasi. Kwa sababu ya moto huo haiwezi kuendeshwa na betri ya kifaa cha mfukoni. Ni ya ukutani, yenye umeme wa kudumu. Ndani ya vyumba vya kugandishia, ambako maji ya kemikali ya vihisi vingine huzubaa, yenyewe haisikii baridi. Lakini moto huohuo ni hatari penye gesi zinazowaka, isipokuwa ikiwa ndani ya kasha lililothibitishwa kwa eneo hilo. Hata bila mlipuko, mvuke wa viyeyusho au spiriti huungua juu yake, hula oksijeni ya pale na kukifanya kipimo kisome chini kuliko hali halisi. Mvuke wa silikoni kutoka kwenye gundi na vilainishi huiharibu moja kwa moja.

Vipo pia vya sumaku, vinavyotegemea tabia ya oksijeni kuvutwa na uga wa sumaku. Ni sahihi mno, ni ghali, vinachukia mtikisiko, na kazi yake ni kuchambua gesi za viwandani. Kwa ulinzi wa chumba viache.

Kwa heliamu kuna tahadhari ya pekee. Vihisi vingi vya kemikali hupokea hewa kupitia tundu jembamba, na oksijeni hupita upesi zaidi ikiwa imechanganyika na heliamu kuliko na nitrojeni. Matokeo yake kipimo husoma juu kuliko ukweli, yaani kinakosea upande wa hatari. Kwa chumba cha MRI mwombe mtengenezaji akuandikie kuwa kihisi kinafaa kwa heliamu.

## Mwinuko na unyevu

Cha kemikali chenye tundu hupima asilimia. Cha mwanga, zirkonia nyingi, na vile vya kemikali vyenye utando mzima hupima shinikizo la oksijeni, kisha hugeuza kuwa asilimia. Tofauti hiyo haionekani pwani. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 79.5 badala ya 101.3, na kifaa cha aina hiyo kilichowekwa sawa pwani kitasoma 16.4 kwenye hewa safi ya mlimani. Dawa ni kufanya kalibresheni, yaani kukisawazisha kifaa kwa hewa inayojulikana, mahali kitakapofanyia kazi, au kununua chenye kipimashinikizo ndani yake.

Unyevu hauna dawa kama hiyo kwa sababu si kosa la kifaa. Hewa ya nyuzi 35 iliyojaa mvuke ina maji karibu asilimia 5.5, na oksijeni yake ya kweli ni 19.8. Tangi lililooshwa kwa mvuke sasa hivi linaweza kukifikisha kifaa kizima kabisa kwenye 19.5. Lipulizie hewa, lisubiri lipoe, lipime tena. Usishushe kiwango cha king'ora.

## Mahali pa kukifunga

Argoni na kabonidioksaidi ni nzito kuliko hewa, na nitrojeni ikiwa bado baridi huzama. Kifaa kiwe chini, karibu na sakafu, hasa penye mashimo na ngazi za kushukia. Heliamu hupanda, kifaa kiwe karibu na dari. Nitrojeni iliyokwisha kupata joto la chumba huchanganyika na hewa, kwa hiyo kimo cha pua ndicho kinachofaa. Chumba kikubwa chenye dumu la nitrojeni kinastahili viwili: kimoja chini karibu na dumu, kimoja kwenye kimo cha pumzi. Kisikae mbele ya tundu linaloingiza hewa mpya, kwani hapo kitapima hewa ya nje siku zote.

Pale ambapo hatari ni oksijeni kuzidi, kama kwenye mitungi ya oksijeni ya hospitali au ya kukatia chuma, soma masafa ya kifaa. Vipo vinavyoishia asilimia 25, pointi moja na nusu tu juu ya king'ora cha 23.5. Chukua kinachofika 30. Oksijeni hukaa kwenye nguo baada ya mtu kutoka, na cheche moja inatosha kuziwasha.

## Gharama baada ya kununua

Kalibresheni ya kawaida ni rahisi: kifaa hupelekwa kwenye hewa safi na kuambiwa kwamba hii ni 20.9. Hapo pana mtego. Vifaa vingi hufanya hivyo vyenyewe vinapowashwa. Ukikiwasha ndani ya chumba chenye 18, kitaichukua hiyo 18 kuwa 20.9, na kuanzia hapo kila kipimo kitakuwa juu kuliko ukweli, kwenye hewa kama hiyo kwa karibu pointi tatu. Washa nje ya jengo, mbali na moshi wa magari, subiri kitulie, ndipo uingie. Kwenye kifaa cha kufungwa ukutani, kuwe na neno la siri kabla mtu hajabonyeza kalibresheni.

Kalibresheni haithibitishi kwamba kifaa kitalia. Kinachothibitisha ni kukipulizia gesi yenye oksijeni chini ya 19.5, mara nyingi mtungi mdogo wa asilimia 15 au 18, na kuona kinashuka na kulia. Pumzi ya mtu ina oksijeni karibu asilimia 16 hadi 17, na kukipumulia ni njia ya haraka ya kujua kama kihisi kiko hai, lakini haichukui nafasi ya mtungi: haina kiasi kinachojulikana, na huingiza umande. Weka bei ya mtungi na kidhibiti chake kwenye hesabu ya ununuzi tangu mwanzo.

Vihisi vya risasi vya akiba usivirundike. Huanza kuliwa pakiti inapofunguliwa, na hata ndani ya pakiti muda wao unakwenda. Soma tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa kwenye kihisi chenyewe, si kwenye boksi, na kikipita miezi sita tangu siku hiyo kabla hakijakufikia, kirudishe kwa muuzaji.